Programu za kuchora na kueleza hifadhidata: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya nimeulizwa mara nyingi mpaka nimeona niyaweke mahali pamoja. Mengi yanatoka kwa vijana wanaotengeneza mifumo ya maduka, shule, zahanati na SACCOS. SQL, lugha ya kuamuru na kuuliza hifadhidata, wanaijua vizuri, lakini hakuna aliyewaonyesha namna ya kupanga majedwali kabla ya kuyaunda, wala namna ya kumwachia maelezo mtu atakayekuja baada yao. Msimamo wangu nauweka wazi tangu mwanzo: maelezo ya hifadhidata yakae ndani ya hifadhidata yenyewe, na mchoro utokane na humo.

Programu hizi zinafanya kazi gani hasa?

Kwanza zinachora. Unaweka jedwali la wanachama na jedwali la mikopo, unavuta mstari kati yake, na programu inakuandikia amri za CREATE TABLE, yaani za kuunda majedwali. Zinaweza pia kwenda kinyume: unaielekeza programu kwenye hifadhidata iliyopo, inasoma majedwali yote na kukuchorea. Halafu kuna kazi ya kutoa kitabu cha maelezo, yaani kurasa zinazotaja kila jedwali, kila kolamu, aina yake na maana yake. Ni nadra kupata programu moja inayoyaweza yote hayo vizuri, ndiyo maana wengi wetu tunatumia mbili.

Karatasi na kalamu haitoshi?

Kwa siku ya kwanza inatosha, na nakusihi uanzie hapo. Ukifungua programu mapema unaanza kuhangaika na rangi na aina za data kabla hujajua unajenga nini.

Chukua SACCOS. Chora kisanduku cha mwanachama na kisanduku cha mkopo. Sasa muulize afisa mikopo: mkopo mmoja unadhaminiwa na watu wangapi? Atakwambia wawili au watatu. Na mwanachama mmoja anaruhusiwa kudhamini mikopo mingapi kwa wakati mmoja? Hapo ndipo utagundua kwamba kuweka kolamu za mdhamini_1 na mdhamini_2 kwenye jedwali la mikopo ni kosa, kwa sababu siku wakitaka mdhamini wa tatu utalazimika kuvunja jedwali, na ukitaka kujua Asha amedhamini mikopo mingapi utatafuta kwenye kolamu mbili. Kinachokosekana ni kisanduku cha tatu, udhamini, kinachosimama katikati na kubeba namba ya mkopo, namba ya mwanachama, kiasi alichodhamini na tarehe. Ugunduzi huo unatokea kwenye karatasi, dakika kumi, mkiwa mmekaa na afisa mikopo. Ukitokea baada ya mfumo kuanza kutumika, utakugharimu wiki nzima.

Ile mistari yenye miguu ya kunguru inasomwaje?

Fundisho la kupanga data katika majedwali yanayohusiana lilitolewa na Edgar Codd wa IBM mwaka 1970. Miaka sita baadaye, 1976, Peter Chen akachapisha njia ya kuchora vitu na uhusiano wake. Alama tunazotumia leo zimebadilika tangu wakati wa Chen, na iliyoenea zaidi ni hii ya mguu wa kunguru.

Angalia ncha za mstari. Upande wenye vidole vitatu maana yake "wengi", na kijistari kimoja kilichokatiza maana yake "mmoja". Kiduara maana yake "huenda pasiwepo hata mmoja". Kwa hiyo mstari unaotoka kwa mwanachama ukiwa na kijistari, ukaishia kwenye mkopo ukiwa na kiduara na vidole, unasomeka hivi: mwanachama mmoja anaweza kuwa na mikopo mingi au asiwe nao kabisa, ila kila mkopo una mwanachama wake. Zoea kuisoma kwa sauti, kwenda na kurudi. Sentensi ikisikika vibaya, mchoro una kosa.

Natumia hifadhidata ya MySQL. Nianze na programu ipi?

MySQL Workbench. Ni ya bure, na inachora na kusoma hifadhidata iliyopo kupitia menyu ya Database, kipengele cha Reverse Engineer. Ina tahadhari mbili. Faili lake, lenye jina linaloishia na .mwb, ni kifurushi cha zip kilichofunga XML ndani, kwa hiyo ukiliweka kwenye Git, programu ya kutunza historia ya mabadiliko ya mafaili, huwezi kuona nini kimebadilika kati ya jana na leo. Watu wawili wakilihariri kwa wakati mmoja, mmoja atapoteza kazi yake.

Tahadhari ya pili ni kubwa zaidi. Inapolinganisha mchoro na seva, inakuandalia amri za kubadilisha. Zisome moja moja kabla ya kubonyeza. Kama mtu alibadilisha jina la kolamu moja kwa moja kwenye seva, kutoka simu kwenda namba_ya_simu, programu haijui kwamba ni kolamu ileile. Inaona moja haipo kwenye mchoro na nyingine haipo kwenye seva, kwa hiyo inaweza kupendekeza kufuta moja na kuongeza nyingine tupu. Namba zote za simu zitakwenda na maji.

Na kwa hifadhidata ya PostgreSQL?

pgModeler imejengwa kwa ajili ya PostgreSQL peke yake na inazijua hata pembe zake zisizotembelewa sana. Msimbo wake ni huria, ila programu iliyokwisha kuandaliwa tayari kwa matumizi inauzwa. Ukiwa na subira unaweza kuijenga mwenyewe kutoka kwenye msimbo. pgAdmin 4 nayo siku hizi ina sehemu ya kuchora, na inatosha kwa mfumo mdogo. Mimi binafsi kwa kutazama haraka hufungua DBeaver, kwa sababu inaongea na karibu kila hifadhidata na toleo lake la jamii ni la bure.

Nimekabidhiwa mfumo wa zamani, hauna hata ukurasa mmoja wa maelezo. Nianzie wapi?

Swali hili naletewa kuliko mengine yote, na ndilo lililonifanya niyajali mambo haya.

Anza kwa kuomba akaunti ya kusoma tu. Usiguse chochote. Kisha endesha SchemaSpy: ni programu huria ya Java inayosoma hifadhidata na kukutolea kurasa za HTML zenye michoro, ambazo unazifungua kwenye kivinjari bila seva yoyote. Ndani ya saa moja utakuwa na ramani.

Usishangae ramani ikitoka na visanduku vingi na mistari michache, au bila mstari hata mmoja. Mifumo mingi ya zamani ya MySQL ilijengwa juu ya MyISAM, injini ya kuhifadhi data ambayo inapokea amri ya ufunguo wa kigeni (sharti kwamba namba iliyotajwa kwenye jedwali moja iwepo kwenye jedwali lingine), inanyamaza, na haiiweki. InnoDB, inayousimamia ufunguo huo kweli, ilikuja kuwa chaguo-msingi kuanzia MySQL 5.5. Kwa hiyo uhusiano ulikuwa kichwani mwa mwandishi na kwenye msimbo wa PHP tu. SchemaSpy hujaribu kukisia kwa kutazama majina ya kolamu, na makisio hayo yanasaidia, lakini kila moja lithibitishe kwa kuhesabu: ni mikopo mingapi ina namba ya mwanachama ambayo haipo kwenye jedwali la wanachama? Jibu likiwa si sifuri, umepata kazi yako ya kwanza.

Baada ya hapo acha kompyuta, nenda kaongee na watu. Niliwahi kurithi mfumo wa akiba na mikopo ambao jedwali la wanachama lilikuwa na kolamu inayoitwa hali. Ndani yake kulikuwa na 0, 1, 2, 3 na 7. Nne za mwanzo tulizitambua kwenye msimbo: hajamaliza kiingilio, hai, amesimamishwa, amejitoa. Saba haikuonekana popote. Aliyejenga mfumo alikuwa hapatikani tena. Rekodi zenye saba hazikuwa na muamala wowote kwa miaka, na mwenzangu akashauri tuzifute ili kupunguza uchafu. Kabla ya kufanya hivyo tukamuuliza mama mmoja wa dirishani, aliyekuwapo tangu enzi za daftari. Akatazama majina, akanyamaza kidogo, kisha akasema: "Hawa ni marehemu, wanangu. Warithi wao bado hawajachukua hisa zao."

Siku hiyo hiyo tuliandika sentensi moja kwenye kolamu ile, ndani ya hifadhidata.

Sentensi hiyo inaandikwaje?

Kwa PostgreSQL ni amri moja:

COMMENT ON COLUMN mwanachama.hali IS '0 hajamaliza kiingilio, 1 hai, 2 amesimamishwa, 3 amejitoa, 7 amefariki, hisa hazijalipwa kwa warithi. USIFUTE.';

Kuanzia hapo yeyote anayeandika \d+ mwanachama kwenye psql, dirisha la amri la PostgreSQL, ataiona, na ukichukua nakala kwa pg_dump inakwenda nayo. Mchoro unaweza kupotea na kompyuta iliyoibwa, lakini sentensi hii inasafiri na data.

MySQL pia inakubali maelezo, hadi herufi 1,024 kwa kolamu, ila ina mtego. Ili kuongeza maelezo kwenye kolamu iliyopo unatumia ALTER TABLE na MODIFY, na lazima uandike upya ufafanuzi wote wa kolamu. Ukisahau NOT NULL au thamani ya DEFAULT iliyokuwepo, umeiondoa bila kujua. Chukua kwanza jibu la SHOW CREATE TABLE, nakili mstari wa kolamu ile kama ulivyo, kisha ongeza COMMENT mwishoni.

SQLite haina amri ya maelezo kabisa. Ila inahifadhi maandishi ya CREATE TABLE kama ulivyoyaandika, kwa hiyo maelezo unayoanzishia kwa vistari viwili ndani ya mabano ya jedwali yanabaki, na utayaona ukiuliza sqlite_master.

Niandike nini kwenye maelezo? Jina la kolamu si linajieleza?

Jina tarehe_ya_mkopo halijielezi. Ni tarehe ya maombi, ya kuidhinishwa, au ya fedha kutoka? Riba inahesabiwa kuanzia ipi? Andika kile ambacho mtu mwenye akili timamu anaweza kukielewa vibaya: kipimo kinachotumika, maana ya kila namba ya fumbo kama ile saba, nani anajaza, na tupu inamaanisha nini. Kuandika "jina la mwanachama" kwenye kolamu ya jina_la_mwanachama ni kupoteza muda wa msomaji.

Nilichora vizuri, lakini baada ya miezi mitatu mchoro haufanani tena na mfumo. Nifanyeje?

Acha kuuchora kwa mkono. Mchoro uliopitwa na wakati ni hatari kuliko kukosa mchoro, kwa sababu mtu anauamini.

Kuna njia mbili. Ya kwanza ni kuandika muundo kama maandishi na kuiachia programu ichore. Lugha ya DBML, inayotumiwa na tovuti ya dbdiagram.io, inaonekana hivi:

Table mkopo {
  id int [pk]
  mwanachama_id int [ref: > mwanachama.id]
  kiasi decimal(15,2) [note: 'Shilingi, bila riba']
}

Haya ni maandishi matupu. Yanaingia kwenye Git, mabadiliko yanaonekana mstari kwa mstari, na hata tovuti ile ikifungwa kesho faili lako linabaki kusomeka. Mermaid, lugha nyingine ya kuandikia michoro, nayo ina namna yake ya kuandika michoro ya hifadhidata, na tovuti ya GitHub inaionyesha moja kwa moja ndani ya faili la Markdown (maandishi yenye alama nyepesi za mpangilio) tangu Februari 2022.

Njia ya pili, ninayoipenda zaidi kwa mfumo ambao tayari unafanya kazi, ni tbls. Inasoma hifadhidata yenyewe pamoja na maelezo uliyoyaandika humo, na kutoa faili za Markdown zenye michoro. Ina amri ya kulinganisha kurasa zilizopo na hifadhidata ilivyo leo, na unaweza kuiwekea sharti kwamba kila kolamu iwe na maelezo. Iweke kwenye mfululizo wa majaribio yanayoendeshwa kila mtu anapowasilisha msimbo. Anayeongeza kolamu bila kuieleza anakataliwa na mashine, na wewe huhitaji kugombana na mtu.

Majedwali niyape majina ya Kiswahili au Kiingereza?

Chagua moja na ulishike mpaka mwisho. Kibaya ni kuwa na jedwali la customers, lingine la mikopo, na kolamu iitwayo loan_kiasi. Mimi hutumia Kiswahili pale ambapo wenye kazi wanatumia neno la Kiswahili kila siku, kwa sababu "udhamini", "rejesho" na "kiingilio" kila mtu ofisini anazijua, na afisa mikopo anaweza kusoma mchoro bila mkalimani.

Ukichagua Kiswahili, jihadhari na fremuweki, yaani viunzi vya kujengea programu kama Laravel na Django, zinazotengeneza wingi zenyewe. Laravel ikiona modeli iitwayo Mteja itatafuta jedwali la mtejas. Iambie wazi: protected $table = 'wateja';. Django haiongezi s kwenye jina la jedwali, lakini kwenye ukurasa wa msimamizi utakutana na "Mtejas" mpaka uweke verbose_name_plural.

Namba ya NIDA (ya kitambulisho cha taifa cha Tanzania) niiweke kama namba?

Hapana. Iweke kama maandishi, CHAR(20). Namba hiyo ina tarakimu 20, zikianza na mwaka, mwezi na siku ya kuzaliwa. BIGINT, aina ya kolamu ya namba nzima kubwa, kwa kawaida inaishia 9,223,372,036,854,775,807, ambazo ni tarakimu 19. Hata ukiifanya UNSIGNED, yaani isiyopokea hasi, inaishia 18,446,744,073,709,551,615, na namba ya mtu aliyezaliwa 1990 inaanza na 1990, kwa hiyo imeshavuka. Excel nayo inashika tarakimu 15 tu. Ukifungua orodha ya wanachama humo na kuihifadhi, tarakimu tano za mwisho zinageuka sifuri na hazirudi.

Simu ni vilevile. 0712 ikiwekwa kama namba inakuwa 712. Namba usiyojumlisha wala kuzidisha ni maandishi. Fedha ndiyo namba, na aina yake ni DECIMAL. FLOAT, inayohifadhi makadirio ya desimali, usiikaribishe kwenye akaunti za watu.

Mchoro wangu una majedwali zaidi ya mia na hausomeki. Nifanyeje?

Ugawe kwa mada. Mchoro wa wanachama na hisa, mchoro wa mikopo, mchoro wa watumiaji na ruhusa. Jedwali la mwanachama litajirudia kwenye michoro kadhaa na hakuna ubaya. Nikizidisha majedwali 15 kwenye ukurasa mmoja, macho ya msomaji yananikimbia.

Ukitaka kujifunza kutoka kwenye mfumo mkubwa ulio wazi, tazama OpenMRS, mfumo huria wa kumbukumbu za wagonjwa ulioanza kutumika Eldoret, Kenya, mwaka 2006. Ufungue ndani ya MySQL utafute kolamu ya uzito wa mgonjwa. Hutaipata. Kuna jedwali la obs, ambalo kila mstari ni jibu moja: namba ya swali kwenye concept_id, na jibu kwenye value_numeric, value_coded, value_text au value_datetime kulingana na aina yake. Maswali yenyewe yamo kwenye jedwali la concept. Muundo huo unawawezesha wahudumu kuongeza kipimo kipya bila kuongeza kolamu, ila mchoro peke yake haukuambii hospitali inapima nini. Lazima usome kamusi ya concept. Kuna mifumo ambayo maana yake iko kwenye rekodi, na hapo chombo cha kuchora kinafika nusu ya njia.

Zipi zinafanya kazi bila intaneti?

MySQL Workbench, DBeaver, pgModeler, SchemaSpy na tbls zote zinakaa kwenye kompyuta yako. draw.io ina toleo la kusakinisha, ingawa hiyo inachora tu, haisomi hifadhidata yako. dbdiagram.io inahitaji mtandao. Popote unapopandisha kitu mtandaoni, pandisha muundo pekee, kamwe usipandishe rekodi za watu.

Za kulipia kama erwin, ER/Studio na PowerDesigner zina faida?

Kwa benki au taasisi yenye hifadhidata kadhaa za aina tofauti na timu nzima ya wasanifu, ndiyo. Kwa zahanati au SACCOS, fedha hiyo nunua diski ya nakala za akiba.

Sheria za taarifa binafsi zinahusianaje na mchoro?

Zinahusiana sana. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, na Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Mtu akija kuuliza mnashika taarifa gani zake, huwezi kumjibu kama hujui ziko kwenye kolamu zipi. Mimi huanza maelezo ya kolamu hizo kwa neno BINAFSI, mfano "BINAFSI. Namba ya simu ya mrithi." Kisha ulizo moja dogo kwenye orodha ya kolamu linanipa zote.

Mkurugenzi si fundi na anataka "document". Nimpe nini?

Usimpe mchoro wa majedwali yote. Mpe kurasa chache: mchoro mmoja wa vitu vikuu vitano au sita, na kamusi iliyochapishwa kwenye karatasi, kila kolamu na maelezo yake kwa Kiswahili cha ofisini kwao. Omba ipitiwe na wale wanaofanya kazi yenyewe, wakiwa na kalamu.

Kwenye mradi mmoja nilimpelekea mhasibu kurasa kumi na nne. Zilirudi baada ya siku mbili. Kwenye kolamu ya faini tulikuwa tumeandika "asilimia ya salio la mkopo". Alikuwa amekata neno salio kwa wino mwekundu na kuandika pembeni: "si salio, ni rejesho lililochelewa tu". Tulifungua msimbo, na kweli ulikuwa unatoza faini kwenye salio zima. Ilikuwa zimebaki siku nne mfumo uwashwe.